Kapasita ya Kufungulia Mlango

Siku ya posa yangu nilikuwa ndani ya gari, nimejifunika koti la baba mdogo mpaka kidevuni, nikitazama mlango wa bluu wa nyumba moja ya Kihesa, mjini Iringa. Nyuma ya mlango ule watu walikuwa wanaamua kama nitaoa au sitaoa.

Sikupaswa kuwa hata kwenye mtaa ule. Kwetu Rungwe na kwao mchumba wangu, Uheheni, tunakubaliana kwa hili: anayeposa habebi posa yake mwenyewe. Hutumwa mshenga, na muoaji hukaa mbali, akisubiri kuletewa jibu kama mtu anayesubiri mvua. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mwenye maneno mengi na gari zuri. Lakini macho yake yalikuwa yametoka kufanyiwa upasuaji na daktari alimkataza kuendesha. Hakumwamini mtu mwingine yeyote na gari lile. Basi nikamwendesha mimi, kutoka Mbeya mpaka Iringa, kwa makubaliano kwamba mimi sipo. Alilisema hilo njiani mara nyingi. "Nikishuka mbele ya nyumba ile, wewe hupo." Tulilala gesti ya Ipogolo, na Jumapili, watu walipotoka ibada ya kwanza, nikamshusha nyumba mbili kabla ya mlango wa bluu, nikaanza kutokuwepo.

Ilikuwa Julai. Julai ya Iringa ina upepo unaopita kwanza kwenye miamba, ukapoa vizuri, halafu ndio unakuja kwa watu. Jua lilikuwepo, lakini kwa mbali, kama mgeni aliyekataa kuvua koti. Nilikuwa najaribu kutunga sentensi kuhusu jua hilo simu ilipoita.

"Chukua begi lako la kazi uje," baba mdogo alinong'ona.

"Niingie kwenye kikao?"

"Wewe huingii. Anaingia fundi. Mzee ana kompyuta mgonjwa, na mpaka ipone hatatujibu."

Hapa inabidi nieleze mambo mawili. Kwanza, mimi naandika riwaya, na riwaya hainilishi. Alfajiri naandika, halafu siku nzima natengeneza kompyuta kwenye kibanda cha Mwanjelwa, ukuta mmoja na muuza makoti ya mtumba. Begi la vifaa huwa linakaa kwenye gari lolote ninaloendesha. Pili, kuna hili la jibu. Baba mkwe mtarajiwa alikuwa bwana misitu mstaafu. Tangu astaafu, kila asubuhi alikuwa anakaa mbele ya kompyuta yake ya zamani na kucheza ule mchezo wa karata wa mtu mmoja, wa kupanga nyekundu juu ya nyeusi. Hakuwahi kuamua jambo kubwa bila kuucheza kwanza. Alinunua shamba la nyanya Ilula katikati ya mchezo. Alikubali binti yake aende chuo katikati ya mchezo. Na kwa akina baba mdogo, posa isiyojibiwa siku ile ile ni posa iliyokataliwa kwa adabu. Mshenga harudi mara ya pili kugonga mlango ule ule. Nilivuka barabara na begi langu mkononi nikijua kwamba kompyuta isipowaka leo, simwoi binti yule.

Sebule ilikuwa imejaa moshi mwepesi wa mkaa. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mrefu hata akiwa amekaa. Dada yake, shangazi wa mchumba wangu, alikuwa kwenye kiti cha pili. Kwenye kochi la watu wawili alikaa baba mdogo katika suti yake ya kijivu, na kando yake, imefunikwa blanketi mpaka shingoni, ilikaa sipiyu, sanduku la ile kompyuta. Jiko la mkaa lilikuwa miguuni pake. Kwa mbali mtu angedhani baba mdogo amekuja kuposa pamoja na bibi yake.

"Kamwene, fundi," mzee alisema, akinitazama usoni.

Pasaka iliyopita nilikula ugali kwenye meza ya nyumba hiyo hiyo, nikitambulishwa kama rafiki wa binti, na mzee mwenyewe aliniongezea mboga.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umetoka mbali?"

"Nimetoka Mbeya."

"Ah. Huyu mgeni wangu naye ametoka Mbeya. Labda mnafahamiana."

Baba mdogo alitazama dari.

"Kwa sura," nikasema.

Shangazi akanipa historia ya mgonjwa. Alisema sipiyu ilikuwa inaamka vizuri mpaka masika yalipoisha. Baridi ilipoanza ikawa inadeka. Ukiibonyeza asubuhi inaguna, feni inazunguka kidogo, inazima. Ukirudia inaguna tena. Jua likipanda na kupita dirishani, inawaka kama haikuwa na neno. Halafu na hilo likaisha, ikawa haiwaki mpaka iwekewe jiko, na sasa hata jiko lilikuwa halitoshi.

"Mmeifanyia nini kingine?"

"Kina mama wa jumuiya walikuja wakaiombea."

"Waliiombea kompyuta?"

"Walikuja kumwombea kaka yangu. Tangu hii ilale alikuwa hali chakula vizuri. Ila mama mmoja, kwa kuwa mkono wake ulikuwa karibu, akauweka juu yake pia."

Nikauliza kama hawakufikiria kumpa mzee mchezo ule kwenye simu. Mzee akajibu mwenyewe. Binti yake alimletea simu nzuri yenye karata hizo hizo, akairudisha jioni ile ile. "Karata za kwenye simu unazisukuma na kidole kama mtu anafuta kamasi. Karata ni kitu cha kushika na kuachia."

Niliibeba sipiyu mpaka mezani, nikafungua ubavu wake, nikapuliza vumbi. Napenda dakika ile. Bodi ya zamani ikifunuliwa inafanana na kitalu cha miche: mistari, safu, vitu vidogo vilivyosimama wima vikisubiri. Vinavyosimama ni kapasita, vikopo vidogo vya bati vinavyotunza umeme na kuutoa taratibu, ili prosesa isiunywe kwa pupa ikapaliwa. Ndani yake kuna majimaji. Miaka ikipita majimaji yanakauka au yanachemka, na kikopo kinavimba kichwa. Kikiwa kibovu zaidi kinatoa uchafu wa kahawia juu, kama ukoko wa uji. Na baridi inazidisha, maana majimaji kidogo yaliyobaki yanakuwa mazito na kikopo hakiwahi kutoa umeme kwa wakati. Kumbe familia ile haikukosea hata kidogo. Kompyuta ilikuwa inasikia baridi kweli.

Karibu na prosesa niliona mbili zimevimba waziwazi, moja ikiwa na ukoko. Nikafurahi kama mtu aliyeona jina lake gazetini. Nilichomeka chuma changu cha kuchomelea kipate moto, nikatoa kopo langu la mafuta ya kujipaka ambamo natunza kapasita nilizong'oa kwenye bodi zilizokufa.

"Tuendelee na mambo ya pembeni wakati fundi anafanya kazi," mzee akasema. "Jibu baadaye. Huyu kijana wako, mshenga, anafanya kazi gani?"

Baba mdogo alikohoa. "Anaandika vitabu."

"Vya shule?"

"Vya hadithi."

"Hadithi za kweli?"

"Za kutunga."

Mzee akaegemea kiti. "Kwa hiyo anaamka asubuhi, anakaa, anaandika mambo ambayo hayakutokea."

"Kwa ufasaha mkubwa," baba mdogo akasema.

"Na watu wanayasoma wakijua kwamba hayakutokea."

"Wanayalilia kabisa."

Shangazi akaguna. "Sisi huku ya kulilia tunayo ya kutosha."

Niliinamisha kichwa karibu na bodi. Moshi wa risasi ya kuchomelea ulinipanda puani na kunipa sababu ya macho yangu kuwa mekundu.

"Hana mkono wa kutengeneza kitu?" mzee akauliza.

"Anao. Mkono mzuri sana. Kama wa huyu fundi."

"Huyu fundi bado hajatengeneza kitu."

Nilimaliza kapasita ya pili, nikaunganisha nyaya, nikabonyeza. Feni ikazunguka, ikaguna, ikazima. Nikabonyeza tena. Ikaguna, ikazima. Chumba kizima kilisikiliza mguno ule kwa heshima.

"Imeguna vilevile," shangazi akasema.

Ndipo mchumba wangu alipoingia na sinia la chai. Alikuwa amevaa gauni la kitenge na sweta la kaka yake, nywele amezifunga kitambaa. Aliwakaribisha wakubwa kwanza, kwa kupiga goti, halafu akaja mezani kwangu. "Karibu chai, fundi," akasema, bila kunitazama. Vikombe kwenye sinia vilikuwa vinagongana. Nilidhani ni woga, mpaka nilipoona mdomo wake. Alikuwa anacheka kwa ndani na tumbo lilikuwa linamtikisa. Aliondoka haraka, na kutoka jikoni ikasikika sauti kama ya mtu aliyepaliwa.

Mzee alikoroga chai yake muda mrefu. "Fundi," akasema, "kwa kuwa wewe ni mtu wa Mbeya na huna upande kwenye jambo hili, nikuulize. Huyo kijana anayetaka binti yangu, unamfahamu?"

"Namfahamu kiasi, mzee."

"Ni mtu wa namna gani? Sema usiogope. Hayupo."

Nimeandika watu wengi. Nimewapa tabia, makovu, namna ya kucheka. Siku ile, chuma cha moto mkononi, nilitafuta neno moja la kumweleza mtu huyu nikakuta sijawahi kumchunguza. Baba mdogo alikuwa ananitazama kwa macho yake mapya, yanayoona kila kitu.

"Anachelewa kumaliza mambo," nikasema.

Baba mdogo akafumba hayo macho mapya.

"Anachelewa vipi?"

"Anaandika ukurasa, anaufuta. Anaandika tena. Lakini akishaanza kitu haachi. Hilo ninaweza kulishuhudia."

"Ana hasira?"

"Na sentensi, ndiyo. Na watu, hapana."

"Anakunywa?"

"Ulanzi, akikaribishwa."

"Nani alimkaribisha ulanzi?" shangazi akauliza, na mzee akageukia dirishani ghafla, maana Pasaka ile pombe hiyo ya mianzi tuliinywa wote wawili nyuma ya banda la kuku.

Nikarudi kwenye bodi. Nilipima kapasita zilizobaki kwa mita yangu na zote zilipita. Zote zilikuwa na vichwa bapa, safi, zinang'aa. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza kuwa ngumu, maana kapasita iliyovimba inajitangaza yenyewe, lakini iko nyingine inayokauka ndani na sura yake haibadiliki. Mita ya kawaida inaipitisha. Kinachoiumbua ni joto.

Nikauliza kama nyumba ina draya ya nywele. Shangazi akaita kuelekea jikoni, na draya ikaletwa, ya rangi ya waridi, bado ina harufu ya mafuta ya nazi. Niliiwasha nikaipitisha juu ya bodi nzima, taratibu. Halafu nikabonyeza.

Sipiyu ikaguna, ikasita, ikawaka. Kwenye skrini yakatokea yale maandishi meupe ya mwanzo, kisha picha ya msitu wa misindano ambayo mzee alikuwa ameiweka. Wote wakasimama. Mzee akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya shati.

"Imepona," baba mdogo akasema. Alikuwa na sura ya mtu aliyeshaanza kupanga sherehe.

Mzee akasogeza kiti. "Nikae, fundi?"

Niliwaza haraka. Mchezo mmoja ungetosha. Angecheza, angejibu, tungeondoka. Jibu likishatoka halirudishwi ndani hata kompyuta ikifa.

"Sasa hivi itakaa imewaka, mzee," nikasema. "Lakini ikizimwa ikapoa, imekufa tena. Nimeipasha moto tu. Kesho asubuhi mtarudi kwenye jiko."

Baba mdogo akanisemesha kwa Kinyakyusa, kwa upole wa mtu anayemkanyaga mwenzake mguu chini ya meza. Alisema kesho ni ya wenyewe, sisi tumekuja kwa ajili ya leo.

"Anasema nini?" shangazi akauliza.

"Anauliza kama chai imebaki," nikajibu.

"Ipo."

Mzee alikuwa bado ameshika miwani hewani. Alitazama msitu wake kwenye skrini. "Kesho asubuhi utakuwepo?"

"Kesho nitakuwa njiani kurudi Mbeya."

"Basi izime," akasema, "uitengeneze leo."

Baba mdogo akakaa chini, akapokea kikombe cha chai ambacho hakukihitaji.

Ili kumpata mgonjwa halisi ilibidi kompyuta ipoe kabisa. Kwa hiyo ile sipiyu iliyolelewa kwa blanketi na jiko na maombi niliibeba wazi, tumbo nje, nikaiweka barazani kwenye upepo. Shangazi hakuweza kutazama. Jirani aliyekuwa anapita na ndoo akasimama, akauliza kuna nini, akaambiwa kuna posa. Akatazama sipiyu, akatutazama sisi, akasema hongereni, akaendelea na safari yake.

Ilipopoa nikaanza. Nilikunja kipande cha kalenda ya zamani kikawa bomba jembamba, nikalishikisha kwenye mdomo wa draya ili joto lifike kwenye kapasita moja tu kwa wakati. Napasha moja, nabonyeza, inaguna, inazima. Naiacha ipoe, napasha ya jirani yake. Wakubwa wote walikuwa wamehamia barazani na viti vyao, wamejifunika mablanketi, wakinitazama. Mzee alianza kuzielewa kapasita. "Jaribu ile ya pembeni," akawa anasema. "Hapana, hiyo umeshaijaribu. Ile ya nyuma yake." Shangazi alikuwa na yake anayoishuku, kubwa kuliko zote, kwa sababu, alisema, imekaa kwa majivuno. Tuliipasha. Haikuwa na hatia.

Niliifikia moja iliyosimama peke yake kwenye kona, nusu imefichwa na waya, imenyooka, inang'aa kuliko wenzake. Nikaipasha, nikabonyeza, na kompyuta ikawaka pale pale kwenye upepo.

"Hiyo?" mzee akasema. "Mbona ndiyo nzuri."

"Ndiyo hiyo."

Akaisogelea, akaikodolea macho kama alivyowahi kukodolea macho miti. "Ipo miti ya namna hii," akasema. "Unaigonga ndio unajua."

Lakini kopo langu halikuwa na saizi yake. Nililimwaga lote sakafuni, nikapekua. Zilikuwepo ndogo nyingi, na kubwa zenye uwezo tofauti. Maduka ya spea mjini yalikuwa yamefungwa, Jumapili. Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba. Nilikaa nikawaza wapi nimewahi kuona kapasita ya saizi ile, na nilipokumbuka sikufurahi.

"Ipo moja karibu," nikasema. "Ipo kwenye gari."

"Gari lipi?" mzee akauliza.

"La mgeni wako."

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Gari langu halina kompyuta."

"Lina kikuza sauti. Kile cha chini ya kiti."

Lazima mjue kwamba baba mdogo hakuwa na watoto wa kiume, na kikuza sauti kile alikifuata mwenyewe Tunduma. Akikiwasha pale Uyole, watu wa Uyole yote wanajua amefika. "Fundi," akasema polepole, "kwa heshima niliyonayo kwa kazi yako, hapana."

"Kitakuwa hakiimbi kwa muda tu."

"Hapana, nimesema."

Shangazi akajikohoza. Ndipo nikaelewa kwamba tangu asubuhi alikuwa anasubiri nafasi. "Mshenga," akasema, "asubuhi umetupa kifungua mlango. Khanga pea moja na blanketi. Tumepokea, hatukusema kitu. Lakini mlango ukifunguliwa, si watu wanazungumza?"

"Wanazungumza."

"Kaka yangu amezungumza?"

Baba mdogo akamtazama mzee.

"Basi haujafunguka. Kilicholetwa hakikuwa ufunguo wake. Labda ufunguo mmeuacha kwenye gari."

Hakuna mshenga anayeweza kubishana na shangazi wa binti kuhusu kifungua mlango. Baba mdogo alisimama, akaweka suti yake sawa, akanipa funguo za akiba za gari kwa mikono miwili, kana kwamba zenyewe hazikuwa mfukoni mwangu, akageukia ukutani ili asinione nikienda.

Nilipong'oa kapasita ile, nilidhani nitaichomeka tu. Sikuruhusiwa. Shangazi alisema kitu kikishaitwa kifungua mlango hakiwezi kupita mkono kwa mkono kama kitunguu. Kikaletwa kisahani cha kikombe, kikatandikwa kitambaa cheupe, kapasita ikalazwa juu yake. Baba mdogo alikibeba kisahani kutoka barazani mpaka sebuleni, akainama mbele ya mzee, akasema maneno ambayo husemwa, kwamba wameona ua katika nyumba hii na wameomba njia ya kulifikia. Mzee alipokea kwa mikono miwili. Akaigeuzageuza kapasita kwenye mwanga.

"Ndogo," akasema.

"Ndogo hiyo ndiyo iliyokuwa inaimba," baba mdogo akajibu.

Mzee akampa dada yake. Dada yake akanipa mimi. Nikawaeleza kwamba ina upande wenye mstari, na upande huo hukaa kwenye hasi, na kwamba mtu akiigeuza inaweza kulipuka. Wote wakarudisha viti nyuma. Ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo niliilaza ubavu, nikaibandika kidogo na gundi isitikisike. Chuma changu kilihangaika kuyeyusha risasi ya zamani, maana bodi za aina hii hunyonya joto kama mchanga unavyonyonya maji. Niliporidhika nikaibeba tena mpaka barazani, nikaiacha kwenye upepo mpaka bati lake likawa baridi kama jiwe.

Halafu nikabonyeza. Ikawaka bila kuguna. Nikaizima, nikaisubiri, nikaiwasha. Ikawaka. Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi alikunja blanketi la sipiyu katika pembe nne, akalirudisha chumbani.

Mzee akakaa. Karata zikatandazwa kwenye skrini. Alicheza kama nilivyowahi kusikia kwamba anacheza, polepole, mkono mmoja kwenye mausi na mwingine kwenye goti, na hakuna mtu sebuleni aliyethubutu kutafuna mkate. Mchezo wa kwanza ulikwama, akagawa mwingine. Baba mdogo akamnong'oneza shangazi, "Huwa anacheza mingapi?" Shangazi akanong'ona, "Mpaka atosheke."

Mimi nilikuwa nafunga mfuniko wa sipiyu, nimepiga magoti kando ya mguu wa meza, karibu kabisa na kiatu cha mzee. Yeye alikuwa ameshika malkia mwekundu na hajajua amweke wapi.

"Mshenga," akasema, bila kugeuka.

"Naam."

"Nilikuwa na shaka na mtu anayetunga mambo. Na bado ninayo. Lakini fundi huyu ametuambia kwamba kijana wako akianza kitu haachi."

"Alisema hivyo."

"Mimi namwamini fundi. Angeweza kunidanganya kuhusu kesho, na hakunidanganya." Akamwachia malkia. "Kamwambie kijana wako, nimekubali."

Nilikuwa nakaza skrubu. Ilikuwa imeshakaza, nami nikaendelea kuikaza, nikaendelea, mpaka kichwa chake kikalika na bisibisi ikawa inazunguka bure. Mpaka leo skrubu ile haifunguki.

"Na wewe fundi," mzee akasema huko juu, "umesikia mambo ya watu. Yabaki humu. Kijana asiyapate kwa mtu mwingine kabla mshenga wake hajamfikishia. Ndiyo adabu."

"Ndiyo, mzee."

Mchumba wangu alinisindikiza mpaka getini kwa sababu fundi husindikizwa. Naye alikuwa bado hajaambiwa rasmi, shangazi ndiye angemwambia jioni. Tulisimama pale, upepo ukivuta kitambaa chake, watu wawili ambao hawajui chochote.

"Safari njema, fundi," akasema.

"Asante, dada."

Akanipa nyanya za Ilula kwenye mfuko, akarudi ndani akitembea kawaida mpaka mlangoni, na pale mlangoni akaruka kidogo, mara moja tu, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Kesho yake tulirudi Mbeya bila muziki. Baba mdogo alikuwa anabonyeza redio mara kwa mara kwa mazoea, anasikiliza ukimya, anaizima. Tulipofika Nyololo nilijisahau. "Sasa harusi," nikasema, "itakuwa kabla ya mvua au..."

"Harusi ya nani?" akauliza, akitazama misitu inayopita dirishani.

Sikuuliza tena. Kutoka Makambako mpaka Chimala tulizungumzia bei za mpunga.

Mchana ule mama aliwaita wazee wa ukoo nyumbani kwetu, na mimi nikaketishwa kwenye kigoda katikati. Baba mdogo alisimama akaeleza safari yake yote kwa mpangilio: baridi, mlango wa bluu, shangazi mwenye mdomo, kompyuta iliyolala kwenye kochi. Alieleza kwamba aliletwa fundi mmoja, kijana, hajui ni wa wapi, mchafu wa mikono lakini mwenye adabu. Mama aliuliza jina lake. Baba mdogo akasema hakulishika. Alieleza habari ya kikuza sauti, hapo akapumzika kidogo, wazee wakampa pole. Halafu akanigeukia, akasema kwa sauti ya kikao, "Mwanangu, wamekubali."

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimechagua uso wa mshangao, nimeujaribu kwenye kioo cha gari, hata nimepanga maneno. Mama akapiga vigelegele, na nilipoutafuta uso ule sikuuona. Nilikuwa nimeinama, nimeziba macho kwa mikono yenye harufu ya risasi, mabega yananicheza mbele ya ukoo mzima.

Baba mdogo alinisogelea, akaniinamia sikioni. "Wewe," akanong'ona, "mbona unalia kama hukuwepo?"

Nikamwambia kwamba ndiyo kwanza naambiwa.